Uchawi wa kubadili rangi: panya ni yule yule

"Tonton, kubadilisha rangi na kugeuza si kintu kimoja?"

Mpwa wangu alikuwa amejinyoosha mkekani, nyumbani kwetu Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, si ile nchi), na riwaya ya Harry Potter ya Kifaransa kifuani. Hapana, si kitu kimoja.

Katika ulimwengu alioubuni J. K. Rowling, uchawi wa kubadili rangi hukipa kitu rangi nyingine na kukiacha kilivyo. Hogwarts, shule ya uchawi ambayo wasomaji wa Kifaransa wanaijua kama Poudlard, uchawi wa namna hii ni wa somo la Profesa Flitwick. Kugeuza ni kwa mwalimu mwingine, McGonagall: kwake njiti ya kiberiti inafanywa sindano. Njiti iliyopakwa bluu kwa uchawi bado ungewashia mbabula, jiko letu la mkaa. Sindano, jaribu uone.

Kijana hakuridhika. Nikamletea blauzi ya mama yake, nyeusi, iliyokuwa imepauka mpaka ikachemshwa kwenye sufuria kuukuu na unga wa rangi na chumvi. Imerudi kung'aa, lakini tundu la kwapani liko pale pale. Hiyo ndiyo kazi ya Flitwick. Kisha nikamwekea mkononi kipande cha malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari ambalo wageni hununua hapa mjini. Ndani yake mna mukuba, shaba yetu, lakini haikupakwa kijani: imeungana na kaboni, oksijeni na hidrojeni ikawa kitu kingine kabisa. Huwezi kuligonga kwa nyundo ukapata waya. Hilo McGonagall angelikubali.

Wanaoteseka riwayani ni panya. Katika kitabu cha kwanza, cha 1997, Ron, rafiki wa Harry, anajaribu ndani ya treni kumfanya panya wake awe wa manjano kwa kishairi alichofundishwa na kaka yake. Panya haoni hata usingizi ukikatika. Kishairi kilikuwa utani tu. Katika cha tano, cha 2003, ni zamu ya Harry, tena mbele ya msahihishaji, kwenye mtihani ambao Kifaransa unaitwa BUSE. Panya alitakiwa awe wa rangi ya machungwa. Harry akachanganya maneno ya kubadili rangi na ya kukuza, panya akafura akawa mkubwa kama nyegere kabla hajamrudisha. Mimi naona kosa hilo linaeleza dhana vizuri kuliko fasili yoyote: uchawi wote wawili unagusa sifa moja tu, rangi au ukubwa, na panya anabaki panya.

Kijana akafikiri kidogo, akauliza kama rangi ya uchawi hutoka ikifuliwa. Ile ya mama yake, maji ya kwanza yalitoka meusi tii.