Chapisho Likifutwa, Uliza Kwanza Ni Nani Aliyelifuta

Mtu akikuta video yake imeondolewa YouTube au akaunti yake ya Facebook imefungwa, kauli ya kwanza huwa ni kwamba haki yake ya kutoa maoni imevunjwa. Na kwa kuwa kampuni hizi ni za Marekani, nchi inayosifika kwa kulinda uhuru wa kusema, wengi hudhani kwamba huko ndiko lalamiko lao lingepata nguvu zaidi. Mambo ni kinyume. Mahakama za Marekani hutupilia mbali madai ya namna hii karibu kila mara, na sababu imo ndani ya Katiba yenyewe.

Marekebisho ya Kwanza ya Katiba hiyo, yaliyoridhiwa mwaka 1791, yanalikataza Bunge kutunga sheria inayopunguza uhuru wa kusema. Baadaye, kupitia Marekebisho ya Kumi na Nne, mahakama zililifikisha katazo hilo hadi kwa serikali za majimbo na miji. Anayefungwa mikono hapa ni serikali. Kampuni binafsi haimo.

Mwaka 2019, katika kesi ya Manhattan Community Access Corporation dhidi ya Halleck, Mahakama ya Juu ilisema kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba kumpa mtu jukwaa la kusemea hakuigeuzi kampuni kuwa chombo cha dola. Februari 2020 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa iliutumia msimamo huo kwa YouTube, ilipoikataa kesi ya Prager University, shirika la video za kihafidhina lisilo chuo: ukubwa wa YouTube hauifanyi iache kuwa jukwaa binafsi.

Walalamikaji hupenda kukimbilia kesi ya Marsh dhidi ya Alabama ya mwaka 1946, na inafaa kuielewa kwa sababu hoja ya "mtandao ndio uwanja wa umma wa siku hizi" imetoka humo. Mji wa Chickasaw, kando ya Mobile, ulimilikiwa wote na kampuni ya kujenga meli: nyumba, barabara, mitaro ya maji taka na majengo ya biashara. Hata askari wa mji alilipwa mshahara na kampuni. Muumini wa Mashahidi wa Yehova alikamatwa kwa kugawa vijarida vya dini barabarani bila kibali cha kampuni, na Mahakama ya Juu ikaamua kwamba anayeendesha mji mzima hawezi kujificha nyuma ya hati ya umiliki. Hoja hiyo inavutia. Lakini majaji wa leo wanaibana ndani ya mipaka yake: ile kampuni ilibeba kazi zote za manispaa, na Facebook haizoi taka wala haina polisi. Anayefungua kesi kwa kuitegemea Marsh peke yake anapoteza ada ya wakili.

Ukuta wa pili ni Kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano ya Marekani, kilichopitishwa mwaka 1996, nacho kina kinga mbili. Kwanza, kampuni ya mtandao haihesabiwi kuwa mchapishaji wa maneno ya watumiaji wake. Pili, haishtakiwi kwa kuondoa kwa nia njema maudhui inayoyaona kuwa machafu, ya vurugu au ya kuchukiza, na sheria inaongeza waziwazi: hata kama maudhui hayo yanalindwa na Katiba. Kuna maneno yanayosambaa sana kwamba kampuni ikianza kuchagua cha kufuta basi imekuwa gazeti na imepoteza kinga. Si kweli. Kifungu kiliandikwa ili kampuni ziweze kufuta bila hofu ya kubebeshwa kila zilichokiacha.

Florida na Texas zilijaribu kuubomoa ukuta huo mwaka 2021, baada ya akaunti za Donald Trump kufungwa kufuatia uvamizi wa Bunge wa Januari 6. Sheria ya Texas ililenga mitandao yenye watumiaji zaidi ya milioni 50 kwa mwezi nchini Marekani, ikiikataza kuondoa maudhui kwa sababu ya mtazamo wa msemaji. Tarehe 1 Julai 2024, katika kesi za NetChoice, chama cha kampuni za mtandao, Mahakama ya Juu ilizirudisha sheria zote mbili mahakama za chini zichunguzwe upya. Jaji Elena Kagan, akiandika maoni ya walio wengi, alieleza kwamba kupanga kipi kionekane na kipi kiondolewe kwenye ukurasa wa mtumiaji ni usemi wa kampuni yenyewe, sawa na mhariri anapopanga gazeti lake. Kwa hiyo Marekebisho ya Kwanza, ambayo mlalamikaji aliyashika kama ngao, hapo yanamlinda aliyefuta.

Trump mwenyewe alishindwa. Kesi yake dhidi ya Twitter ilitupwa Mei 2022. Meta, kampuni mama ya Facebook, ilikubali kumlipa dola milioni 25 Januari 2025, lakini hayo yalikuwa makubaliano ya pande mbili. Hakuna jaji aliyetamka kwamba kumfungia kulivunja Katiba.

Katiba inaanza kuuma pale mkono wa serikali unapoonekana, na hapo pana njia mbili.

Njia ya kwanza ni afisa wa serikali anayefuta maoni yako au kukublokia kwenye ukurasa wake. Machi 2024, katika kesi ya Lindke dhidi ya Freed iliyohusu meneja wa jiji la Port Huron, Michigan, majaji wote tisa walikubaliana juu ya vipimo viwili: afisa awe na mamlaka halisi ya kuisemea serikali juu ya jambo lile, na awe aliyatumia mamlaka hayo alipoandika. Cheo kwenye wasifu hakitoshi. Kwa hiyo, ukiblokiwa, usihifadhi picha ya skrini ya wasifu peke yake. Hifadhi chapisho lenyewe ulilochangia, pamoja na tarehe na anwani yake, hasa kama lilitangaza amri, huduma au kikao cha wananchi. Kufutiwa maoni kunapimwa kwa chapisho moja moja. Kublokiwa kunakutoa kwenye ukurasa mzima, ndiyo maana afisa anayebloki hujiweka kwenye hatari kubwa zaidi kisheria.

Njia ya pili ni serikali kuishinikiza kampuni ifute. Mei 2024, katika kesi ya NRA, chama cha wamiliki wa bunduki, dhidi ya Vullo, aliyekuwa afisa wa jimbo la New York, Mahakama ya Juu ilisema kwa kauli moja kwamba afisa haruhusiwi kutumia vitisho vya mamlaka yake ili mtu wa tatu amnyamazishe mwingine. Kulithibitisha ndiko kugumu. Mwezi mmoja baadaye, katika Murthy dhidi ya Missouri, walalamikaji walikwama kwa kura 6 dhidi ya 3 kwa kushindwa kuonyesha kwamba ni shinikizo la serikali, si kanuni za kampuni zenyewe, lililowafutia machapisho.

Nje ya hapo, silaha yako ni taratibu za kampuni, na kosa linalowaangusha wengi ni kujaza fomu isiyohusika. Soma taarifa ya kuondolewa hadi mwisho. Ikitaja hakimiliki, rufaa ya kawaida haikusaidii. Unatakiwa kupeleka pingamizi chini ya sheria ya Marekani ya hakimiliki mtandaoni ya mwaka 1998 (DMCA), na kampuni inapaswa kurudisha maudhui kati ya siku 10 na 14 za kazi isipokuwa mdai aende mahakamani. Katika pingamizi unatamka, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba maudhui yaliondolewa kimakosa, basi usitume pingamizi kwa wimbo ambao unajua si wako.

Ikitaja kanuni za jamii, kata rufaa ndani ya programu mapema. Akaunti ya Facebook iliyosimamishwa ina siku 180 za kukata rufaa, kisha inafungwa kabisa. Usilifute chapisho mwenyewe kwa hasira. Usifungue akaunti nyingine kukwepa adhabu, kwani hilo ni kosa jipya. Rufaa ya Meta ikikataliwa utapata namba ya kumbukumbu. Ukiwa nayo, una siku 15 kuipeleka kwa Bodi ya Usimamizi (Oversight Board), chombo huru kinachopitia maamuzi ya Meta, ambayo huchagua kesi chache tu. YouTube huanza na onyo, kisha maonyo makali matatu ndani ya siku 90 yanafuta chaneli.

Waswahili walioko Ulaya wana nafuu kuliko wenzao wa Marekani. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, inayotumika kikamilifu tangu Februari 17, 2024, inailazimu kampuni kukupa sababu za uamuzi wake, kupokea malalamiko kwa miezi isiyopungua 6, na kutoyaamua kwa mashine pekee. Ukishindwa unaweza kwenda chombo cha usuluhishi kilichoidhinishwa, ambacho kwa kawaida huamua ndani ya siku 90. Uamuzi wake haulazimishi, lakini kampuni lazima ishiriki kwa nia njema.

Kwa Afrika Mashariki picha ni tofauti tena. Ibara ya 20(1) ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema sura ya haki inafunga vyombo vyote vya dola na watu wote, na "mtu" humo ni pamoja na kampuni. Mlango ambao Marekani umefungwa, Kenya uko wazi kubishaniwa. Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema ina mamlaka ya kusikiliza kesi dhidi ya Meta kuhusu machapisho ya chuki wakati wa vita vya Tigray. Na lalamiko pale, tofauti na yote tuliyoyataja, ni kwamba kampuni haikufuta. Uganda nayo, Januari 2021, Facebook ilipoondoa akaunti ilizozihusisha na wizara ya serikali siku chache kabla ya uchaguzi, serikali iliufunga mtandao mzima. Raia wa kawaida aliyepoteza ukurasa wake wa biashara siku ile hakuwa na la kumdai Facebook. Aliyemfungia alikuwa serikali yake.