Safuwima Tatu Bila Jedwali: Ninavyojenga Kiolezo cha Blogu

Ninapojenga kiolezo cha blogu chenye safuwima tatu, safuwima zenyewe huwa za mwisho. Kwanza ninaandika hati ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, kwa mfuatano ambao ningependa isomwe hata kama mitindo yote ingeondolewa: kichwa cha blogu, makala, maelezo mafupi ya mwandishi, viungo, kisha kijachini. Programu zinazowasomea skrini watu wasioona hufuata mfuatano huo wa hati, wala hazijali laha ya mitindo (faili inayopanga mwonekano wa ukurasa) imeweka nini kushoto na nini kulia. Kiolezo kinachotanguliza viungo arobaini humchosha msomaji huyo kabla hajaifikia sentensi ya kwanza ya makala.

Ingawa toleo la kwanza la CSS, lugha ya kuandikia laha za mitindo, lilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mnamo Desemba 1996, kwa miaka mingi baadaye wengi wetu tuliendelea kupanga kurasa kwa majedwali, kisha tukahamia kwenye sifa ya `float`, ambayo kimsingi ilikusudiwa kuwezesha maandishi kuizunguka picha. Ilifanya kazi, lakini kwa hesabu isiyosamehe. Tuseme ukurasa una pikseli 960, na safuwima zake zina 200, 520 na 240. Jumla inatosha kabisa. Ukiongeza nafasi ya ndani ya pikseli 10 kila upande wa safuwima ya kati, upana wake halisi unakuwa 540, jumla inafika 980, na safuwima ya tatu inaporomoka chini ya wenzake. Hata mpaka mwembamba wa pikseli moja unatosha kuleta balaa hilo. Nimewahi kupoteza jioni nzima nikitafuta kosa ambalo lilikuwa mstari wa kijivu nilioutia kwa ajili ya urembo tu. Ndiyo maana laha zangu zote huanza na `box-sizing: border-box`, ili nafasi ya ndani na mpaka vihesabiwe ndani ya upana uliotajwa.

Tangu vivinjari vikuu vilipoanza kukubali gridi, yaani mpangilio wa CSS wa safu na safuwima, mwaka 2017, sijaona sababu ya kurudi kwenye `float` kwa kazi hii. Kiini cha laha yangu ni hiki:

```
.ukurasa {
  display: grid;
  gap: 20px;
  grid-template-columns: 200px minmax(0, 1fr) 240px;
  grid-template-areas:
    "kichwa kichwa kichwa"
    "mwandishi makala viungo"
    "chini chini chini";
}
```

Majina ya maeneo unayachagua mwenyewe, kwa hiyo Kiswahili kinafaa bila tatizo. Kila sehemu ya hati hupewa eneo lake, kwa mfano `grid-area: makala`. Safuwima hurefuka sawasawa zenyewe, jambo ambalo zamani tulilighushi kwa picha ya mandharinyuma iliyorudiwa kuelekea chini.

Sehemu inayowanasa wengi ni `minmax(0, 1fr)`. Ukiandika `1fr` (sehemu moja ya nafasi inayobaki) peke yake, safuwima ya kati hukataa kupungua kuliko neno refu zaidi lililomo, hivyo anwani moja ndefu ya wavuti huweza kuisukuma safuwima ya kulia hadi nje ya skrini. Sifuri huondoa ukaidi huo, lakini anwani yenyewe bado itafurika, kwa hiyo naongeza `overflow-wrap: anywhere` kwenye makala ili neno refu likatwe popote, na `overflow-x: auto` kwenye vipande vya msimbo ili visogezwe kando.

Kanuni zote za gridi naziweka ndani ya `@media (min-width: 900px)`, yaani zitumike pale tu upana unapofika pikseli 900. Chini ya hapo, simu hupata safuwima moja inayofuata hati ilivyoandikwa, bila kazi ya ziada.

Gridi ina gharama moja. Anayetembea ukurasani kwa kitufe cha Tab hufuata hati, si picha anayoiona, hivyo viungo vikiwa kushoto ataruka kutoka katikati na kurudi nyuma. Kwa sababu hiyo kushoto siku hizi naacha maelezo ya mwandishi yasiyo na kiungo hata kimoja, na viungo vyote navihamishia kulia.