Si Ubongo Unaouondoa Mkono Kwenye Sufuria ya Moto

Wengi huamini kwamba ukigusa sufuria ya moto, ubongo husikia maumivu kwanza, kisha ndipo huuamuru mkono uondoke. Sivyo. Amri hiyo hutoka kwenye ugwe mgongo, ule mkanda wa neva wa takriban sentimita 45 kwa mtu mzima, unaopita ndani ya pingili za mgongo.

Ishara kutoka kidoleni husafiri kwa neva ya hisi na kuingia ugwe mgongo kwa nyuma. Humo seli za kati huipokea na kuikabidhi neva ya mwendo, inayotokea mbele. Msuli wa mbele wa mkono wa juu hukaza, na papo hapo ule wa nyuma huzuiwa usivute kinyume, la sivyo kiwiko kingekwama. Ubongo nao hupelekewa habari, ila zinafika mkono ukiwa umeshaanza kuondoka. Hata hivyo ubongo unaweza kuingilia: kikombe cha chai kinachounguza utakivumilia hadi ukitue mezani.

Dhana hii, kwamba kiungo husogea kwa amri ya ubongo tu, huwaumiza zaidi ndugu wa majeruhi. Mtu aliyekatika ugwe mgongo kifuani anaweza, wiki kadhaa baada ya ajali, kuuvuta mguu unyayo wake ukichomwa, na asihisi chochote. Nyumbani watu hushangilia kwamba amepona, kumbe ni sehemu iliyo chini ya jeraha imejijibia yenyewe. Daktari hutafuta dalili nyingine: akiambiwa asogeze kidole gumba cha mguu, kinasogea? Akiguswa kwa pamba huku amefumba macho, anajua?