Miguu ikifa ganzi, usikimbilie kulaumu pedali

Anayeanza safari za baiskeli za kilomita 80 au 100 huambiwa kwamba pedali ndogo za kunasa kiatu huumiza nyayo, hivyo atafute pana zaidi. Si kweli. Unyayo haugusi pedali, unagusa soli. Soli ikiwa ngumu, uzito husambaa hata pedali ikiwa ndogo kama kiberiti. Ikiwa laini, hupinda pale pale penye chuma, na baada ya saa mbili unahisi kama umekanyaga kokoto.

Shika kiatu chako kwa ncha na kisigino, ukikunje. Kikikunjika kama ndala, tatizo umelipata.

Pia angalia kibati kinachofungwa chini ya kiatu, kile kinachonaswa na pedali. Wengi hukifunga mbele mno, vidole vikafa ganzi na shavu la mguu likakaza. Legeza skrubu, kirudishe nyuma milimita 3 hadi 5, kisha ujaribu tena. Hili halina gharama, na ningelifanya kabla ya kununua chochote.

Goti likiuma, tazama kisigino kina nafasi gani ya kucheza kushoto na kulia kiatu kikiwa kimenaswa. Kwenye SPD-SL, pedali za Shimano za baiskeli za barabarani, kibati cha manjano huruhusu nyuzi 6, cha buluu 2, chekundu hakichezi kabisa. Safari ndefu, anza na cha manjano. Na kama utashuka mara kwa mara kununua maji, chukua SPD, aina nyingine ya Shimano yenye kibati cha skrubu mbili: kibati chake huzama ndani ya soli, ukatembea dukani bila kuteleza.