Je, wajua? Grameen, benki ya Bangladesh iliyokopesha wasio na dhamana, ililipwaje?

Mwanamke mmoja wa kijiji cha Jobra, kusini-mashariki mwa Bangladesh, alikuwa akitengeneza vigoda vya mianzi tangu asubuhi hadi jioni. Mianzi ilimgharimu taka 5 (ndiyo, sarafu yao inaitwa hivyo, wala si uchafu). Kwa kuwa hakuwa nazo, alizichukua kwa mchuuzi, naye mchuuzi alikuwa na sharti moja: jioni kigoda auziwe yeye, na bei ataje yeye. Alikuwa akimpa taka 5 na nusu. Jasho la kutwa nzima likazaa nusu taka, kama senti 2 za Marekani kwa wakati ule.

Aliyemkuta na kumhoji ni Muhammad Yunus, mkuu wa idara ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Chittagong, jirani kabisa na kijiji hicho. Mtoto wa sonara, aliyezaliwa mwaka 1940, alisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kisha akarejea nyumbani mwaka 1972, nchi ikiwa ndiyo kwanza imejitenga na Pakistani. Miaka miwili baadaye njaa kubwa ikaikumba Bangladesh. Yunus amesimulia mara nyingi jinsi alivyoona aibu kufundisha nadharia nzuri nzuri darasani ilhali nje watu wanakufa kwa kukosa chakula.

Mwaka 1976 aliorodhesha wanakijiji waliofungwa na madeni ya aina hiyo. Walikuwa 42, na deni lao lote kwa pamoja lilikuwa dola 27. Hata senti 65 kwa kichwa hazifiki! Alizitoa mfukoni mwake. Lakini mfuko wa mwalimu si benki, kwa hiyo akaenda kumwona meneja wa benki. Akajibiwa kama ambavyo wengi wetu tumewahi kujibiwa: hawa hawana dhamana, na kusoma hawajui. Mwishowe Janata Bank ilikubali kwa sharti kwamba yeye mwenyewe awe mdhamini wa kila mkopo. Watu wakalipa. Mwaka 1979 mpango ukapelekwa wilaya ya Tangail, wakalipa na huko. Mwaka 1983 ukawa benki kamili, Grameen, jina lenye maana ya "ya kijijini".

Sasa, walilipaje? Aliyewahi kucheza upatu atalielewa jibu haraka. Mkopaji hakuja peke yake, alikuja na wenzake wanne aliowachagua mwenyewe. Wawili walipewa kwanza, wengine wakisubiri kuona kama hao wanarejesha. Wakifuatiwa na wawili wengine, mwenyekiti wa kikundi akipata mwisho. Kwa kanuni za Grameen, wenzako hawalazimiki kukulipia deni, ila ukikwama wewe, zamu yao huingia mashakani. Na rejesho lilikuwa la kila wiki, tena dogo, likitolewa kwenye mkutano mbele ya majirani. Yaani badala ya hati ya nyumba, benki ilishika uso wa mtu mbele ya wanaomjua.

Sadaka haikuwa. Riba ya mikopo ya biashara ilikuwa asilimia 20 kwa mwaka, ikihesabiwa kwenye deni lililobaki tu.

Kuwapata wanawake ndiko kulikokuwa na kazi. Katika nyumba nyingi mwanamume mgeni hakuruhusiwa kuonana nao, basi Yunus alisimama nje uani, na mwanafunzi wake wa kike akawa anaingia na kutoka akipeleka maswali na kuleta majibu. Leo zaidi ya asilimia 90 ya wakopaji wa Grameen ni wanawake. Mwaka 2006 Yunus na benki hiyo waligawana Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwaka 2011 aliondolewa kwenye uongozi wake kwa hoja kwamba amepita umri wa kustaafu wa miaka 60, na wakati huo alishatimiza 70. Agosti 2024, waziri mkuu wa Bangladesh, Sheikh Hasina, alipokimbia nchi, Yunus ndiye aliyeitwa kuongoza serikali ya mpito, akiwa na miaka 84.

Je, mikopo hiyo iliutokomeza umaskini? Hapa sifa zimezidi ushahidi. Tafiti sita zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, kutoka nchi kama India, Ethiopia na Moroko, zilikuta kwamba watu walipanua biashara zao kidogo na kupata uhuru zaidi wa kupanga matumizi, lakini kwa wastani kipato cha kaya hakikupanda sana.

Tena jicho la jirani hukata kuwili. Kwenye jimbo la Andhra Pradesh, India, kampuni za mikopo midogo zilishindana kumkopesha mtu yuleyule mara tatu nne, hadi mwaka 2010 serikali ya jimbo ikaingilia kati kufuatia taarifa za wadaiwa waliojiua. Tanzania tuna jina letu la mikopo ya namna hiyo, kausha damu. Ukiitazama kwa mbali unaweza kudhani ni ileile ya Jobra: kiasi kidogo, rejesho la haraka, aibu mbele ya majirani. Isipokuwa riba yake inamrudisha mkopaji kwa yule mchuuzi wa mianzi.