Kuchagua fremuweki ya tovuti: nilichofundishwa na mwalo wa Kibirizi

Vijana wanaoanza kazi ya programu hapa Kigoma huniuliza mara kwa mara kama fremuweki za lugha ya programu ya Python zinazishinda za lugha ya PHP, au kama sote tuhamie lugha ya JavaScript. Nami huwauliza: mfumo wenyewe utafanya kazi gani, na wewe ukihamia Dar es Salaam, nani ataufungua siku ukikwama?

Fremuweki ni kiunzi kinachokuja na sehemu ambazo karibu kila tovuti inazihitaji, kama vile kuingia kwa nywila, kusoma na kuandika kwenye kanzidata, na kulinda fomu dhidi ya wadukuzi. Zinatofautiana hasa katika kiasi cha kazi zinachokufanyia. Django, iliyotolewa mwaka 2005, ilizaliwa katika gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, ambako kazi ilipaswa kukamilika haraka, na ndiyo maana inakuja na ukurasa wa usimamizi uliokwisha kutengenezwa. Laravel ya mwaka 2011 inatumia PHP, lugha ambayo seva (kompyuta zinazohifadhi na kutuma tovuti) nyingi za bei nafuu huiendesha bila matengenezo ya ziada. Express, inayokaa juu ya Node.js, programu inayoendesha JavaScript kwenye seva, hukupa machache na kukuachia uchague mengine mwenyewe. Spring ya lugha ya Java ni imara sana, lakini kwa mfumo wa ofisi ya watu watatu naiona ni mzigo.

Miaka kadhaa iliyopita niliwatengenezea kina mama wanaonunua dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, mfumo wa kuandika manunuzi yao. Ukurasa wote ulijengwa na JavaScript ndani ya kivinjari, na kwenye kompyuta yangu ulifunguka mara moja. Pale mwaloni, mama mmoja alishika simu yake ndogo, akasubiri, kioo kikabaki cheupe, kwa kuwa simu ililazimika kwanza kupakua programu nzima ndipo ionyeshe hata jina moja. Akaniambia, "Mwanangu, bando langu linaliwa na karatasi tupu?" Niliona uchungu, kwa sababu alikuwa na haki.

Niliuandika upya kwa Django, seva ikawa inatuma ukurasa uliokamilika wenye fomu ya nafasi nne tu: muuzaji, idadi ya magunia, bei na tarehe. Mweka hazina wao husahihisha makosa katika ule ukurasa wa usimamizi bila kunipigia simu.

Jambo la pili ninalolipa uzito ni muda ambao fremuweki itaendelea kuhudumiwa. Toleo la pili la Angular, fremuweki ya kujengea kurasa ndani ya kivinjari, lililotoka mwaka 2016, liliandikwa upya kabisa, na AngularJS, yaani toleo la kwanza, ikaachwa bila huduma mwishoni mwa mwaka 2021, hivyo wenye mifumo mikubwa juu yake walilazimika kugharimia kazi ileile mara mbili. Kwa hiyo kabla ya kuanza mimi husoma ratiba ya matoleo: Django 5.2, kwa mfano, ilitoka Aprili 2025 na itapata marekebisho ya usalama hadi Aprili 2028.

Mfumo wa kina mama wale sasa unatunzwa na binti wa Ujiji aliyesomea Python, ambaye nilimkabidhi nywila ya seva pamoja na daftari la maelezo. Kama angekuwa amesomea PHP, ningeuandika kwa Laravel bila kusita.