Sukari mwilini haichomwi yote

Wengi tumekua tukiamini kwamba sukari mwilini ina kazi moja: kuchomwa ili itupe nguvu, na inayozidi kugeuka mafuta. Imani hiyo ina msingi, maana glukosi hutumika hivyo hivyo.

Lakini zipo sukari nyingine, zilizoungana kama shanga kwenye uzi wenye matawi, zinazofunika uso wa seli zetu. Kwa hizo seli hutambuana. Tazama kundi lako la damu: A na B hutofautiana kwa sukari moja tu kwenye ncha ya uzi, na O haina hiyo ya ncha. Tofauti ndogo kiasi hicho, na bado mgonjwa akiongezewa damu isiyolingana anaweza kufa!

Mwaka 2008 wanasayansi walizionyesha sukari hizi ndani ya samaki-pundamilia wachanga, ambao miili yao huonyesha ndani kama kioo. Viinitete viliwekwa kwenye maji yenye sukari iliyobebeshwa atomi 3 za nitrojeni. Seli ziliipokea kama sukari ya kawaida, kisha rangi inayong'aa ikanasa kwenye atomi hizo, samaki wakiwa hai.

Ukikutana na picha kama hiyo, soma maelezo ya chini yake: mng'ao ni wa rangi iliyotiwa, si wa sukari. Makundi ya damu yamo kwenye vitabu vya baiolojia vya sekondari. Na ule ute wa mate unaovutika kama uzi kati ya vidole viwili? Protini zake zimesheheni sukari hizo hizo.